Namna ya Kuchunguza Historia na Thamani ya Mercedes-Benz 280 SE 3.5 Cabriolet

Maswali kuhusu magari ya kale ya paa la kukunjwa yanafanana kila mara. Mtu amerithi gari kutoka kwa mzee wa ukoo, au ameonyeshwa picha na muuzaji aliyeko Ujerumani au Marekani, na swali lake la kwanza ni bei. Swali hilo ni halali, lakini ndilo linalopaswa kujibiwa mwisho, kwa sababu magari mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kupishana kwa mamia ya maelfu ya dola, na tofauti yao ikawa imejificha katika tarakimu chache zilizogongwa kwenye chuma. Mwongozo huu unakuonyesha utaratibu wa kufuata ili ujue kwanza ni gari gani hasa lililo mbele yako, kisha limepitia wapi, na mwishowe lina thamani gani.

Nimechagua gari moja mahususi, Mercedes-Benz 280 SE 3.5 Cabriolet (Cabriolet ni gari la paa la kukunjwa), kwa kuwa linakusanya karibu matatizo yote ambayo mchunguzi anayeanza atakutana nayo. Lilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1969 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 1971. Ni la familia ya W111, jina la kiwandani la muundo huu, umbo lake lilichorwa na mbunifu Paul Bracq, na chini ya boneti lina injini ya V8 ya sentimita za ujazo 3,499 yenye nguvu farasi 200. Yalitengenezwa magari 1,232 pekee. Ndugu zake, hata hivyo, ni wengi: Coupé ya 3.5 yenye paa la bati yalitengenezwa 3,270, na 280 SE Cabriolet yenye injini ya silinda sita yalitengenezwa 1,390. Ndugu hao ndio wanaotumika kutengenezea magari ya kughushi, na ndiyo maana hatua za mwanzo za mwongozo huu ni ndefu kuliko zile za mwisho.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tayarisha tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo chenye mpini, kitambaa laini, mafuta mepesi ya kulainisha uchafu, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi, na simu au kamera inayopiga picha za karibu zenye kusomeka. Tafuta pia daftari moja la karatasi kwa ajili ya gari hilo peke yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii daftari hilo huwa sehemu ya thamani ya gari lenyewe. Utahitaji idhini ya maandishi ya mwenye gari ya kupiga picha na kuomba kumbukumbu za kiwanda, pamoja na nakala ya hati ya umiliki. Usianze kulipa mtu yeyote kabla ya kumaliza hatua ya 4.

Hatua za kufuata

1. Soma namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe. Kadi ya umiliki, tangazo la muuzaji na ankara za gereji hunakili namba kutoka mahali pengine, na kosa la mwaka 1975 linaweza kuwa limerudiwa hadi leo. Ndani ya chumba cha injini utakuta kibao cha chuma chenye namba, na pia utakuta namba hiyo hiyo imegongwa moja kwa moja kwenye chuma cha mwili. Safisha kwa kitambaa na mafuta mepesi, mulika kwa pembeni ili vivuli vya tarakimu vijitokeze, kisha piga picha. Tazama kama kina cha tarakimu kinalingana, kama mstari umenyooka, na kama kuna alama za msasa au za kuchomelea kuzunguka eneo hilo.

Tahadhari: usisugue namba kwa msasa, brashi ya waya wala dawa ya kula kutu. Ukilainisha chuma hicho utakuwa umeharibu ushahidi ambao hauwezi kurudishwa, na kila mnunuzi atakayekuja baadaye atashuku kwamba namba imechezewa.

2. Fungua maana ya namba hiyo. Namba za Mercedes-Benz za enzi hiyo zinasomeka kwa mafungu. Ukikuta 111.027-12 ikifuatiwa na tarakimu sita, tarakimu sita za kwanza zinataja aina ya gari. Hapa ndipo penye uzito wote: 111.027 ni Cabriolet ya 3.5, 111.026 ni Coupé ya 3.5, na 111.025 ni Cabriolet ya silinda sita. Tarakimu inayofuata inataja upande wa usukani, ambapo 1 ni usukani wa kushoto na 2 ni wa kulia. Tarakimu ya baada ya hapo inataja giaboksi, ambapo 0 ni gia za mkono na 2 ni gia za kujiendesha. Kwa hiyo gari lenye 12 lilitoka kiwandani likiwa na usukani wa kushoto na gia za kujiendesha, na kama leo usukani uko kulia, kuna mtu aliyeuhamisha.

Wanaoanza hutishika wanapoona tarakimu sita za mwisho zimezidi 1,232, wakidhani wamegundua udanganyifu. Mfululizo huo wa namba ulitumiwa kwa pamoja na Coupé na Cabriolet za 3.5, ambazo jumla yake ni 4,502, kwa hiyo Cabriolet halali inaweza kabisa kuwa na namba ya elfu tatu au elfu nne.

3. Soma namba ya injini na uilinganishe. Injini ya V8 ya gari hili ni ya familia ya M116, na namba yake huanza na 116. Ile ya silinda sita ya 280 SE ni M130, na namba yake huanza na 130. Kuona 116 kwenye injini hakutoshi kukutuliza. Injini za familia hiyo hiyo ziliwekwa katika magari ya saluni (ya milango minne) ya 3.5, ambayo ni mengi na ya bei nafuu, na kwa hiyo mtu mwenye Cabriolet ya silinda sita anaweza kung'oa V8 ya saluni, kuipachika, na kubandika nembo ya 3.5 kwenye buti. Grili pana na fupi ambayo watu wengi huitaja kama alama ya 3.5 haisaidii pia, kwa maana Cabriolet za silinda sita za mwishoni nazo zilikuwa nayo. Andika namba kamili ya injini katika daftari. Utaihitaji katika hatua inayofuata.

4. Omba kadi ya kiwanda. Kila gari la Mercedes-Benz la wakati huo lilifunguliwa kadi ya takwimu iliyoandika namba ya oda, namba ya chesisi, ya injini, ya giaboksi na ya bodi, rangi ya nje, ngozi au kitambaa cha viti, na vifaa vya ziada vilivyoagizwa. Maombi hupelekwa kwa idara ya magari ya kale ya kampuni, ambayo kituo chake cha Ujerumani kiko Fellbach karibu na Stuttgart, au kupitia wakala rasmi wa nchi ulipo. Mara nyingi hutakiwa uthibitisho wa umiliki, kwa hiyo kama wewe ni mnunuzi, mwombe muuzaji aiombe yeye na akuruhusu kuona jibu lilivyofika, si nakala aliyoichapa upya.

Kadi ikifika, kaa nayo kando ya gari na uisome mstari kwa mstari. Rangi imeandikwa kwa namba: 040 ni nyeusi, 050 ni nyeupe, 180 ni fedha ya metali, na 904 ni buluu ya usiku wa manane. Gari lililopo leo likiwa jekundu huku kadi ikisema 904, chunguza sehemu ambazo wapaka rangi huzisahau, kama vile chini ya zulia la buti, nyuma ya mapambo ya milango, na ndani ya nguzo za bawaba. Ukiona buluu imejificha hapo, kadi na gari vinaongea lugha moja, na umebaki na suala la gari kubadilishwa rangi, ambalo linapunguza thamani kwa kiasi lakini halilifanyi kuwa la kughushi. Ukikosa buluu kila mahali, ongeza umakini. Vifaa vya ziada navyo vimeandikwa kwa namba za tarakimu tatu, na orodha za kuzifasiri zinapatikana kwa urahisi katika vilabu vya wamiliki, kikiwemo kile cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1956.

5. Kagua mwili ukitafuta Coupé iliyokatwa paa. Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke, hata kama karatasi zote zimekaa sawa, kwa kuwa kibao cha namba huweza kung'olewa kutoka gari lililooza na kupachikwa kwenye jingine. Gari lisilo na paa la bati hupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake, na kiwanda kililipa fidia hiyo kwa kuimarisha sakafu na mwili wa Cabriolet kwa vyuma vya ziada. Coupé iliyokatwa haina vyuma hivyo, au ina vile vilivyotengenezwa gereji, ambavyo mishono yake ya kuchomelea ni minene na haifanani na nukta ndogo za kiwandani. Inyanyue kwa jeki upande mmoja, kisha ufungue na kufunga mlango wa upande huo taratibu. Mlango ukigoma, ukakwaruza, au nafasi kati yake na bodi ikabadilika waziwazi, mwili umelegea, ama kwa kutu au kwa ujenzi.

Kutu yenyewe hukaa kwenye vizingiti vya chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, sakafu ya buti na boriti za urefu za chini. Pitisha sumaku pole pole. Inapoacha kunata ghafla, hapo kuna filla nene, yaani kijazio cha kufichia mashimo, chini ya rangi. Tazama pia namba ya bodi, ambayo mara nyingi tarakimu zake zilirudiwa kwenye baadhi ya sehemu zinazofunguka kama boneti, na kuandikwa nyuma ya vipande vya mbao za ndani. Mbao zenye namba inayolingana na kadi ni ushahidi mzuri, kwa sababu mwigaji hafikirii kuufungua ubao wa dashibodi.

6. Panga mlolongo wa umiliki. Anza na mmiliki wa leo na urudi nyuma, mwaka kwa mwaka, ukiandika katika daftari kila hati na tarehe yake, na ukiacha mstari mtupu pale ambapo huna hati. Mstari mtupu una maana yake, na unapaswa kuonekana. Gari lililoandikishwa Ujerumani kabla ya mwaka 2005 linaweza kuwa na kitabu cha zamani cha gari kilichoorodhesha wamiliki kwa kufuatana, na hicho ni hazina. Uingereza, mamlaka ya magari inaweza kutoa taarifa za usajili uliopita kwa mwombaji mwenye sababu ya kutosha. Marekani ni pagumu zaidi, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inazuia majimbo kutoa ovyo majina ya wamiliki, na hapo utategemea ankara, kitabu cha matengenezo, stika za vilabu na barua zilizobaki.

Kwa gari lililoishi Kenya, namba za usajili zenyewe huongea. Mfululizo wa KAA ulianza mwaka 1989, kwa hiyo bamba la zamani la herufi tatu za kabla ya hapo linaonyesha gari lilikuwa nchini mapema zaidi. Zungumza na mafundi wazee na wapenzi wa magari ya kale wanaokutana kwenye mashindano ya urembo wa magari ya Nairobi, ambayo yamekuwapo tangu mwaka 1970. Wengi wao wanayakumbuka magari kwa rangi na kwa wenyewe. Hata hivyo, kumbukumbu ya mdomo iandikwe kama kumbukumbu ya mdomo, pamoja na jina la aliyesema kwa matumizi yako, wala isigeuzwe kuwa ukweli uliothibitishwa. Hadithi kwamba gari lilikuwa la waziri, balozi au mwanamuziki haina thamani ya senti moja mpaka pawepo hati yenye namba ya chesisi.

7. Tafuta gari hilo hilo katika minada iliyopita. Andika namba ya chesisi katika injini ya kutafutia, kwanza ikiwa na nukta, kisha ikiwa na vistari, kisha ikiwa imeungana bila alama yoyote, kwa sababu kila mnada una mtindo wake wa kuiandika. Kumbukumbu za RM Sotheby's, Bonhams na Bring a Trailer hubaki wazi kwa miaka mingi zikiwa na picha. Picha hizo ni za maana kuliko maelezo. Gari lililouzwa likiwa na viti vyeusi na leo lina viti vya rangi ya konyaki limefanyiwa kazi ambayo muuzaji anapaswa kuwa na ankara yake. Linganisha pia taa: magari ya Marekani yalitoka na taa za duara zilizotengana, na mengi yamewekewa baadaye taa ndefu za wima za Ulaya. Si kosa, lakini liandikwe.

8. Liweke gari katika daraja la hali yake. Mizani inayotumiwa sana ni ile ya Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale ya Marekani, kuanzia 1 kwa gari lisilo na dosari la kiwango cha maonyesho hadi 4 kwa gari linalotembea lakini lenye kasoro zinazoonekana. Karibu kila mmiliki huliweka gari lake daraja moja juu. Gari linaloendeshwa kila wikendi na kuonekana zuri kwa umbali wa hatua tano kwa kawaida ni la 3.

9. Kusanya mauzo linganishi, kisha ukokotoe. Tafuta mauzo ya miaka miwili au mitatu iliyopita ya 111.027 pekee. Tumia bei zilizolipwa, si bei zilizotangazwa. Gari linaloombewa fedha nyingi kwa miaka bila kuuzwa linakufundisha kwamba soko limeikataa bei hiyo. Bei za magari haya zilipanda sana hadi katikati ya miaka ya 2010 kisha zikatulia, na wauzaji wengi bado wananukuu minada ya zama zile. Kwa kukupa sura ya jumla, magari mazuri yenye nasaba safi yamekuwa yakiuzwa mara nyingi kati ya dola 200,000 na 400,000, huku Cabriolet ya silinda sita ikiwa chini sana ya hapo, na Coupé chini zaidi.

Angalia kama bei iliyotajwa ni ya nyundo, yaani dau la mwisho mnadani, au imejumuisha ada ambayo mnunuzi huilipa mnada juu yake. Nyundo ikigonga kwenye dola 250,000 na ada ikiwa 12 kwa mia, mnunuzi amelipa 280,000 na muuzaji amepata chini ya 250,000 baada ya makato yake. Ukichanganya aina hizo mbili katika jedwali moja, wastani wako hautakuwa na maana. Kisha toa gharama ya kurekebisha kasoro ulizoziandika, ukitumia makisio ya fundi anayelijua gari hili. Kazi ya kuling'arisha upya kwa kromu, kushona paa la turubai lenye tabaka kadhaa na kutengeneza mbao ni ghali kuliko injini, jambo linalowashangaza waliozoea magari ya kawaida.

10. Amua ni thamani ya kazi gani unayoitafuta. Kwa bima, omba mkataba wa thamani ya makubaliano, ambapo kiasi kitakacholipwa kinaandikwa mapema. Bima ya kawaida italichukulia kama gari chakavu la mwaka 1970. Kwa mirathi au mgawanyo wa mali ya ndoa, tafuta mthamini asiye na nia ya kulinunua. Kwa kuuza, tumia kiwango cha chini cha jedwali lako kama msingi wa mazungumzo. Na anayetaka kulinunua ng'ambo na kulileta Kenya aulize kwanza ofisi za viwango na forodha, maana sheria ya magari ya mitumba inazuia yaliyozidi miaka 8, na gari usiloweza kuliandikisha lina thamani ya kule lilikobaki tu.

Ukikwama

Mtandao wa kukagua namba unasema namba si sahihi. Huduma hizo zimejengwa kwa namba za tarakimu 17 zilizoanza kutumika mwaka 1981. Namba ya gari hili ni fupi, na kukataliwa huko hakuthibitishi chochote, wala ripoti inayosema "halina ajali" haina uzito.

Hati inasema mwaka 1971 au 1972 na muuzaji anasema 1970. Gari liliweza kukaa kwa wakala kwa miezi, na majimbo mengi ya Marekani yaliandika mwaka wa kuuzwa. Fuata tarehe iliyo kwenye kadi ya kiwanda.

Namba ya injini haifanani na kadi. Uliza kwanza kama kuna ankara ya kubadilisha injini. Yenye ankara ya zamani inaeleweka na bei hupunguzwa. Isiyo na maelezo irudishe hatua ya 5 na uanze ukaguzi wa mwili upya.

Odometa inasoma maili 41,000. Odometa nyingi za enzi hiyo zina tarakimu tano na hurudi sifuri baada ya 99,999. Pedali, ngozi ya kiti cha dereva na ankara zenye maili zitakuambia kama ni 41,000 au 141,000. Bila ankara, andika "haijathibitishwa".

Muuzaji anakataa kupiga picha ya namba iliyogongwa, akisema ni siri. Kuficha tarakimu za mwisho katika tangazo la hadharani kunaeleweka, lakini kumnyima mnunuzi aliyejitambulisha hakueleweki. Usitume fedha ya kushikilia gari hilo, hata kama unaambiwa mnunuzi mwingine yuko njiani.